Robert Hadfield, kijana aliyezidisha manganizi ndani ya chuma

Naviundu, hapa Lubumbashi, watu waliyeyusha shaba tangu karne ya 4. Wachunguzi walipata huko mabaki ya tanuru. Lakini kuyeyusha ni jambo moja, kujua cha kuchanganya ndani ni jambo lingine. Hilo la pili ndilo lililompa jina Robert Hadfield.

Alizaliwa mwaka wa 1858 Sheffield, Uingereza, ambako baba yake alikuwa na kiwanda cha kumimina chuma. Wakati ule mafundi waliogopa kuzidisha manganizi, maana chuma kilivunjika kama sahani. Hadfield hakuishia hapo. Mwaka wa 1882, akiwa hajafikisha miaka 24, alipandisha manganizi mpaka asilimia 12 na zaidi, pamoja na kaboni ya asilimia 1 hivi. Chuma kile kikakataa kuvunjika! Kikitumbukizwa majini kikiwa moto, hakipasuki kirahisi kama chuma kingine. Na kadiri kinavyogongwa, ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Hata sumaku haikishiki.

Kikaingia katika meno ya mashine za kuponda mawe migodini, katika makutano ya reli, na katika kofia za askari Waingereza wa vita vya 1914-1918. Hadfield alikufa mwaka wa 1940, akiwa tajiri na mwenye cheo.

Manganizi sisi tunayo, kule Kisenge, upande wa Lualaba. Kwa miaka mingi ilipakiwa katika gari la moshi kwenda bandari ya Lobito, ingali jiwe, mpaka vita vya Angola vilipoikata njia ile.