Maisha ya Askofu Henri Streicher

Kabla sijaanza habari za mtu mkubwa, nipeni ruhusa niseme kwanza habari za mtu mdogo, nami ndiye mtu huyo. Mwaka jana nilikuwa kiranja mkuu. Siku ya kukabidhi madaraka nilimpa kijana wa kidato cha tano funguo na kengele mbele ya shule nzima, nikapigiwa makofi. Lakini moyoni sikukabidhi kitu. Kesho yake kengele ilipochelewa kidogo, niliichukua nikaipiga mwenyewe. Siku nyingine nilimsahihisha mbele ya wadogo, nao wakamcheka. Tangu hapo wakawa wanakuja kuniuliza mimi, si yeye. Nami, nakiri, nilifurahi.

Wakati wa likizo, nyumbani Dranya, nilisoma maisha ya Askofu Streicher, nikaona haya. Basi sikilizeni habari zake.

Henri Streicher alizaliwa tarehe 29 Julai 1863 katika mji wa Wasselonne, nchi ya Alsace, huko Ufaransa. Alijiunga na shirika la Mapadre Weupe, akapata upadre mwaka 1887, na mwaka 1891 akafika Buganda. Alikuta nchi imechafuka. Mwaka uliofuata vita vya dini vilipigwa huko Mengo, na Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu, magharibi ya ziwa kubwa la Nyanza. Huko Buddu, mwaka 1892, Padre Streicher alianzisha misheni ya Villa Maria. Kutoka kwetu Koboko ni safari ndefu sana, maana sisi tuko pembeni kabisa mwa Uganda, karibu na Kongo na Sudan Kusini, nao wako kusini, upande wa Masaka.

Mwaka 1897 alifanywa askofu, naye alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Waganda walimwita Stensera. Alitawala jimbo lake miaka 36, na kazi zake zilikuwa nyingi. Lakini kazi moja aliipenda kuliko zote, nayo ni kuwatayarisha mapadre Waafrika. Kwake yeye, kumpata padre mmoja mwenyeji lilikuwa jambo kubwa kuliko kuwabatiza watu maelfu.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Seminari ilikuwa imeanzishwa mwaka 1893, wakati wa Askofu Hirth aliyemtangulia. Vijana walisoma Kilatini, filosofia na teolojia mwaka baada ya mwaka, na wengi wao wakarudi kwao. Wazungu wengi wa siku zile walidhani Mwafrika hawezi kuufikia upadre. Streicher hakuiacha kazi. Mwaka 1911 alianzisha seminari kuu ya Katigondo, na tarehe 29 Juni 1913, baada ya miaka ishirini ya kungoja, akawawekea mikono Bazilio Lumu na Victor Mukasa. Hao ndio mapadre wa kwanza wa Uganda waliozaliwa katika nchi yenyewe. Mwaka 1929 akampa upadre kijana mwingine, jina lake Joseph Kiwanuka.

Mwaka 1933 Streicher akajiuzulu, na Askofu Michaud akashika mahali pake. Aliishi miaka 19 baada ya hapo, asishike tena utawala wa jimbo. Katika miaka hiyo aliona jambo kubwa. Mwaka 1939 nchi ya Masaka ilifanywa jimbo peke yake, likawekwa mikononi mwa mapadre Waafrika. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, huko Roma, Papa Pio wa Kumi na Mbili alimweka Joseph Kiwanuka kuwa askofu, mmoja wa Waafrika weusi wa kwanza kupata daraja hiyo katika Kanisa Katoliki la nyakati zetu. Villa Maria yenyewe, misheni aliyoianzisha Streicher, ikawa chini ya uaskofu wa yule kijana aliyemwekea mikono. Mzee akafa tarehe 7 Juni 1952, akazikwa Villa Maria, katika jimbo la Kiwanuka.

Ndugu wasomaji, watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Maneno hayo ni kweli kwa ng'ombe, lakini Biblia yatuonyesha njia mbili kwa wanadamu. Mfalme Sauli aliposikia Daudi akisifiwa, alishika mkuki. Lakini Musa aliambiwa na Mungu amsimamishe Yoshua mbele ya kuhani na watu wote, amwekee mikono, na kumpa sehemu ya heshima yake. Angalieni vizuri: hakuambiwa ampe kazi tu, bali na heshima pia. Kwa sababu hiyo Waisraeli walikubali kumtii Yoshua kama walivyomtii Musa.

Mimi nilitoa funguo nikabaki na heshima. Sikushika mkuki, lakini kicheko cha wale wadogo kilimchoma mwenzangu vilevile.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea kiranja mpya nikamwomba radhi. Kisha jioni, wakati wa mkutano, niliomba nafasi nikawaambia wanafunzi kwamba yeye ndiye mkubwa wetu, na mimi nitamtii wa kwanza. Haikuwa rahisi, sauti ilitetemeka. Siku hizi mdogo akinijia na shauri, namwonyesha mlango wa kiranja. Kengele nayo huchelewa mara moja moja. Mimi nakaa, nangoja ilie.