Hirschsprung, Tabibu Aliyeiona Nusu ya Siri

Wako watu ambao majina yao hutajwa kila siku katika wodi za watoto, na wanaoyataja hawajui hata wenyewe walizaliwa wapi. Mmoja wao ni Harald Hirschsprung. Alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, tarehe 14 Desemba 1830. Baba yake alikuwa na kiwanda cha tumbaku, lakini Harald hakuitaka tumbaku. Alishika vitabu vya utabibu. Biashara ikabaki kwa nduguze, na mmoja wao, Heinrich, akanunua kwa faida yake picha za wachoraji ambazo leo zimo katika jumba la makumbusho lenye jina la ukoo wao. Ni bahati yetu, msomaji, kwamba mzee yule hakuzaa mtoto mmoja.

Mwaka 1861 alitoa tasnifu yake juu ya watoto wanaozaliwa na umio au utumbo ulioziba, na mwaka 1879 akawa tabibu mkuu wa Hospitali ya Watoto ya Malkia Louise. Husimuliwa kwamba Malkia alitaka maneno ya Biblia yatundikwe juu ya kila kitanda, na Hirschsprung akataka picha za wanyama. Mimi nimelelewa chuoni juu ya mkeka, na maneno matakatifu nayajua heshima yake. Lakini mtoto mwenye homa, ambaye hata herufi hazijui, naona tabibu alimwelewa zaidi.

Mwaka 1886 alisimama mbele ya matabibu mjini Berlin akawaeleza habari za watoto wawili wa kiume. Tangu kuzaliwa walifunga choo, matumbo yakawavimba kama ngoma, na wote wawili wakafa kabla ya kutimiza mwaka. Alipowapasua aliukuta utumbo mpana umetanuka na kunenepa kupita kiasi. Akahukumu kwamba ugonjwa uko hapo penye uvimbe. Kumbe sivyo. Palipovimba palikuwa pazima, pamechoka kwa kusukuma. Mgonjwa alikuwa kile kipande chembamba cha chini, ambacho kwa macho hakikuwa na ila yoyote.

Kwa nini? Mimba ikiwa na wiki chache tu, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga mgongoni, na juu ya ukingo wake hutokea utepe wa chembe ambao Wilhelm His, mtaalamu wa Uswisi, aliuona katika kifaranga mwaka 1868. Tuuite kishungi cha neva. Chembe zake hazikai, hufunga safari. Nyingine huenda kuwa rangi ya ngozi, nyingine hushuka na utumbo tangu juu hadi chini, zikawa chembe za fahamu pamoja na wale walezi wao waitwao glia. Zisipofika mwisho wa njia, kipande kilichokoswa hubaki kimekaza, hakilegei kupitisha kitu.

Niliwahi kufika Kimuka, huko Kajiado, nikatazama ng'ombe wakirudi zizini jioni: mgongo mweusi, tumbo jeupe, miguu myeupe. Madoa yale ni habari hiyo hiyo. Penye weupe ndipo chembe za rangi zisipofika au zisipodumu, na mara nyingi ni pale palipo mbali na mgongo. Kwa ng'ombe ni pambo. Kwa mtoto, utumbo ukikoswa, ni roho yake.

Hirschsprung aliendelea kukusanya wagonjwa wa namna hii mpaka wakafika kumi, akastaafu mwaka 1904, akafa tarehe 11 Aprili 1916. Mwaka 1948 Orvar Swenson, mpasuaji wa Boston, alithibitisha kwamba dawa ni kukiondoa kile chembamba. Safari ya chembe zenyewe ilifuatwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1970 na Bibi Nicole Le Douarin wa Ufaransa, aliyepandikiza kishungi cha tombo ndani ya yai la kuku, kwa kuwa chembe za tombo hutambulikana kwa darubini.

Mtoto mmoja katika kila 5,000 hivi huzaliwa na ila hii. Mchanga asiyepata choo siku mbili za mwanzo, na tumbo likamjaa, apelekwe hospitali upesi, asipewe dawa za kuharisha nyumbani. Kule Kijabe, juu ya Bonde la Ufa, si mbali sana na Kimuka, wapasuaji wa watoto hukikata kipande kisicho na chembe, wakauteremsha utumbo mzima na kuushona karibu na njia ya haja.