Sultani Barghash na mashine iliyoleta stima Mombasa

Ukitoka Bondeni kwa miguu ukakata Makadara, Fort Jesus si mwendo wa kuchosha. Januari 1875 pale palikuwa moto. Akida wa ngome, Muhammad bin Abdallah, alikuwa amemuasi Sultani, na manowari za Waingereza zikapiga ngome mizinga mpaka akasalimu amri. Sultani aliyeasiwa ni Barghash bin Said wa Unguja. Na stima inayochaji simu yako saa hii, ukiifuatilia nyuma kabisa, unamkuta yeye.

Barghash mwenyewe aliwahi kuwa muasi. Babake, Seyyid Said, alifariki baharini mwaka 1856, kiti cha Unguja kikaenda kwa kaka yake, Majid. Mwaka 1859 Barghash akajaribu kumpindua, tena kwa msaada wa dadake, Salme, aliyekuwa bado msichana mdogo akimwandikia barua zake. Mpango ukabuma. Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay miaka kama miwili. Hapo ndipo nadhani macho yalimfunguka: Bombay ilikuwa na reli, viwanda na bandari kubwa, na yeye kijana hana kazi ila kutazama.

Majid akafa 1870, Barghash akashika. Mwanzo mbaya wallahi. Mwaka 1872 kimbunga kikafagia mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 Waingereza wakambana akatia saini kufunga soko la watumwa, biashara iliyowatajirisha wakubwa wengi wa pwani, na ni vyema ilifungwa. Mwaka 1875 akasafiri mpaka London. Halafu akaanza kujenga: maji ya bomba kutoka Chemchem mpaka mjini, na 1883 Beit al-Ajaib, jumba ambalo watu walikuja kulishangaa kwa taa zake za umeme.

Sasa jenereta. Historia ambayo Kenya Power hujisimulia inasema Barghash alinunua mashine yake mwaka huo wa 1875, kuangaza kasri na mitaa ya karibu. Mwaka wenyewe mimi nina wasiwasi nao kidogo, manake balbu ya Edison ilikuja 1879. Lakini kisa kinaendelea hivi: mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua mashine hiyo na kuileta kisiwani kwetu, ikazaliwa kampuni ya stima ya Mombasa. Mwaka 1922 ikaungana na ya Nairobi.

Hebu tusimame hapo kwa mashine, manake watu wengi hawajui kitu hiki (mimi mwenyewe nilikijua baada ya kuacha chuo). Stima haiwekwi ghalani kama mchele. Inayozalishwa sekunde hii ndiyo inayotumika sekunde hii. Ukiwasha taa nyingi kuliko nguvu ya mashine, mashine inalemewa, inapunguza mwendo, taa zinafifia. Kwa nyumba yenye jenereta yake dawa ni rahisi: unazima taa za ukumbini kabla mambo hayajaharibika. Mwenye mashine na mwenye taa ni mtu mmoja.

Leo mashine ziko Olkaria, Turkana na kwingineko, na wenye taa ni mamilioni wasiojuana. Lakini sheria ni ileile ya kasri. Umeme wa Kenya lazima upige mara 50 kila sekunde. Mzigo ukizidi, mapigo yanashuka, na yakishuka sana mitambo inajizima yenyewe, mmoja baada ya mwingine. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana wenye uwezo wa megawati 310 ulitoka kwenye gridi, na karibu nchi nzima ikaingia giza. Wenye mtambo na wenye gridi wakavutana kuhusu nani alimwangusha mwenzake.

Hali ikiwa mbaya, kinga iliyozoeleka ni kukata mtaa mzima. Mgonjwa anayepumua kwa mashine na friji ya soda wanazimwa pamoja. Ndiyo sababu kuna wanaotaka majengo yenyewe yajifunze kujipunguza. Unafunga kifaa kinachosikiliza mapigo ya gridi. Yakishuka, kinasimamisha pampu ya maji, kiyoyozi au mashine ya barafu kwa muda, kisha kinarudisha. Chukua chumba cha baridi cha samaki: kikishaganda vizuri, mashine ikinyamaza dakika kumi hakuna changu atakayejua. Uingereza maghala ya baridi na viwanda hulipwa kwa kazi hiyo. Hapa Kenya tulichonacho ni bei: tangu Desemba 2017 wateja wakubwa wa viwandani huuziwa stima ya usiku kwa nafuu, ili wahamishe mzigo. Ni hatua, ila bei haiwezi kuokoa gridi ndani ya sekunde tano.

Barghash hakukaa sana na taa zake. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya kasri. Mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza wakagawana bara, yeye akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1887 akawapa Waingereza usimamizi wa pwani hii yetu, Mombasa ikiwemo. Machi 1888 akafariki, umri kama miaka hamsini hivi.

Kisiwa chake baadaye kikaunganishwa na Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Desemba 2009 waya huo ukaharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mahoteli yakawasha jenereta zao, maduka yakaweka vidogo vyao mlangoni vikinguruma, na asiyekuwa na pesa ya mafuta akarudi kwenye kibatari.