Frederick Douglass: Alinyimwa pasipoti ya kwenda Paris, akasubiri robo karne

Mmarekani anayepanga kutalii Paris leo anawaza bei ya tiketi na foleni ya Mnara wa Eiffel. Frederick Douglass aliwaza kitu kingine kabisa: nani atampa karatasi ya kumvusha kutoka Uingereza kwenda Ufaransa, wakati nchi yake yenyewe inasema yeye si raia.

Wengi tunamjua kama mtumwa aliyetoroka, akawa mzungumzaji na mwandishi mkubwa wa kupinga utumwa huko Marekani. Upande wake wa utalii hausemwi sana. Ila ndani yake kuna kisa ambacho mtu yeyote aliyewahi kurudishwa dirishani ubalozini atakielewa haraka.

Alizaliwa utumwani, jimbo la Maryland, mwaka 1818. Siku yenyewe hakuijua, akajichagulia Februari 14. Septemba 3, 1838 alipanda treni Baltimore akiwa amevaa kibaharia, mfukoni ana karatasi za kuazima za baharia mweusi aliyekuwa huru. Maelezo ya kwenye karatasi hayakufanana naye. Bahati yake, kondakta hakuziangalia vizuri, na chini ya saa 24 jamaa alikuwa New York. Mchumba wake, Anna Murray, alimsaidia kwa akiba yake. Siku chache baadaye wakafunga ndoa.

Safari yake ya kwanza Ulaya, mwaka 1845, ilikuwa ya kujificha. Alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake na kuwataja kwa majina waliommiliki, hivyo angeweza kukamatwa na kurudishwa wakati wowote. Kwenye meli ya Cambria alinyimwa vyumba vya juu, akalala daraja la chini.

Siku chache baada ya kushuka Liverpool alikwenda kuona Eaton Hall, jumba la tajiri mmoja wa Kiingereza lililokuwa wazi kwa wageni. Mlangoni akakutana na Wamarekani Wazungu aliosafiri nao. Wote wakasubiri zamu, wote wakaingia, na wahudumu hawakumbagua. Kwake lilikuwa jambo kubwa, maana kwao Boston alikuwa amezoea kufukuzwa milangoni.

Mwishoni mwa 1846 marafiki zake Uingereza walichanga pauni 150 wakamnunulia uhuru wake. Fikiria hilo: mtu anarudi kwao akiwa na risiti yake mwenyewe. Na bado, aliporudi mwaka 1847 na tiketi ya daraja la kwanza mkononi, aliambiwa kitanda chake kimepewa mtu mwingine na kwamba atakula peke yake.

Sasa tuje kwenye Paris.

Oktoba 1859 rafiki yake John Brown, Mzungu aliyetaka kuwakomboa watumwa kwa silaha, alivamia ghala la silaha la serikali Harpers Ferry, Virginia. Douglass alikuwa amekataa kushiriki, ila jina lake likaingia kwenye msako. Akakimbilia Kanada, kisha Uingereza. Akiwa huko akaona ni nafasi ya kuvuka na kuiona Paris, mji aliokuwa akiutamani.

Tatizo, mwaka 1858 watu walijaribu kumuua Napoleon III kwa mabomu, na Ufaransa ikakaza ukaguzi wa pasipoti. Douglass akaiomba kwa balozi wa Marekani London, George Dallas, mtu aliyewahi kuwa makamu wa rais. Dallas akakataa. Sababu yake: Douglass si raia wa Marekani.

Kisheria balozi alikuwa na pa kusimamia. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Dred Scott, ilikuwa imeamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia, awe mtumwa au huru. Kwa hiyo Douglass alikuwa na nchi iliyomtafuta imkamate, lakini isiyokubali kwamba ni mtu wake.

Hakubembeleza. Aliuandikia ubalozi wa Ufaransa, nao wakampa kibali bila kumzungusha.

Hakukitumia. Machi 13, 1860 binti yake mdogo, Annie, alifariki nyumbani Rochester, siku chache kabla ya kutimiza miaka 11. Douglass akaacha kila kitu akarudi, ingawa hatari ya kukamatwa haikuwa imeisha.

Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, utumwa ukafutwa mwaka 1865, na mwaka 1868 katiba ikabadilishwa: aliyezaliwa Marekani ni raia. Douglass akashika vyeo serikalini Washington. Anna alifariki mwaka 1882. Mwaka 1884 akamuoa Helen Pitts, mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 20 hivi, na maneno yakawa mengi, kwa weusi na kwa weupe, hadi ndani ya familia zao.

Septemba 1886 wawili hao wakapanda meli New York. Safari hii alikwenda kama watalii wengine, na mke wake, na daftari la kuandika alichokiona.

Paris walikaa wiki kadhaa. Mnara wa Eiffel haukuwepo bado. Oktoba 28 mwaka huohuo New York walikuwa wanazindua Sanamu ya Uhuru, zawadi kutoka Ufaransa, huku Douglass akiwa upande wa pili wa bahari.

Alimtembelea Victor Schoelcher, seneta mzee wa miaka 82, aliyeandaa amri ya mwaka 1848 iliyofuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Ukiniuliza, hapo ndipo kilele cha safari.

Hakuwa mtalii wa kusifia kila kitu, hata hivyo. Aliona sanamu ya Alexandre Dumas, mwandishi ambaye bibi yake alikuwa mtumwa, na akalalamika kwamba mtu huyo hakuwahi kuwatetea watu wa rangi yake. (Lakini walipofika Marseille alikwenda kukiona kisiwa cha gereza cha Château d'If, kinachojulikana kwa riwaya ya Dumas huyohuyo. Shabiki ni shabiki.) Pia kilimuudhi kitu kilichotoka kwao: waimbaji waliowaigiza watu weusi kwa dhihaka, wakichekesha kumbi za Paris kama walivyofanya Marekani.

Kutoka Ufaransa walishuka Italia, wakavuka hadi Misri. Akiwa na umri wa karibu miaka 70 alipanda Piramidi Kuu, wawili wakimvuta mbele na wawili wakimsukuma nyuma. Alirudi nyumbani mwaka 1887.

Mwaka 1889 serikali ya Marekani ilimteua kuwa mwakilishi wake Haiti, kazi ya aina ileile aliyokuwa nayo Dallas kule London. Alikwenda na Helen, akaifanya hadi 1891. Alifariki Washington Februari 20, 1895, jioni, akiwa ametoka kwenye mkutano wa haki za wanawake.