ENDRE KABOS, BINGWA WA UPANGA

Wengi kati yetu tunajua majina ya wachezaji wa mupira na wa ngumi. Leo tunapenda kuwaelezea habari za mtu wa inchi ya Hungaria aliyepata jina kwa upanga.

Endre Kabos alizaliwa tarehe 5 Novemba 1906 katika mji wa Nagyvárad. Kiisha vita ya kwanza ya dunia Hungaria ilinyang'anywa sehemu kubwa ya udongo wake, na mji huo ukaingia katika Rumania. Inchi ilibaki ndogo na yenye uchungu. Ndiyo sababu watu walishangilia sana mabingwa wao wa upanga: pale hakuna aliyewaweza.

Upanga wenyewe unaitwa saberi. Tusifikiri ni ule wa kukatia majani siku ya salongo! Ni mwembamba, mwepesi, na mchezaji anavaa kinyago cha waya. Anapiga kwa makali ao kwa ncha, lakini juu ya kiuno tu. Wakati ule mashini ya kuhesabu haikuwako katika saberi. Waamuzi walitazama kwa macho. Basi ilifaa kupiga upesi, tena kwa namna waamuzi waone wazi. Si kazi ya mchezo.

Mwaka wa 1932, kule Los Angeles, Kabos alipata medali ya shaba peke yake, na ya zahabu pamoja na ekipi. Mwaka wa 1933 na wa 1934 akawa bingwa wa Ulaya. Halafu ikafika Olimpiki ya Berlin, mwaka wa 1936. Kabos alikuwa Muyahudi, na mwenye kutawala pale Berlin alikuwa Hitler. Hata hivi alishinda wote: Marzi wa Italia akawa wa pili, Gerevich wa Hungaria wa tatu. Na ekipi yao ikachukua zahabu tena.

Kumbe sifa haikumlinda. Tangu mwaka wa 1938 serikali ya Hungaria, ile iliyofurahia medali zake, ilianza kutoa sheria za kuwabana Wayahudi. Wanaume wao hawakuaminiwa tena na bunduki. Waliingizwa katika kazi ya lazima ya jeshi. Kabos naye akaingizwa.

Tarehe 4 Novemba 1944 alikuwa Budapest, juu ya daraja la Margit, kwenye mto Danube. Wajeremani walikuwa wameweka baruti chini yake, wapate kulivunja wakati Warusi watakapofika. Baruti ikalipuka mbele ya saa yake, mchana, tramu na watu wakiwa wanapita. Wengi wakafa majini, na Kabos kati yao. Kesho yake angetimiza miaka 38.

Mwaka wa 1948 ekipi ya Hungaria ilirudi kwenye Olimpiki, London, ikashinda tena. Zahabu ya mtu mmoja ilichukuliwa na Gerevich, mwenzake wa Berlin.