Jaramogi Oginga Odinga: Mpinzani aliyesababisha Katiba ya Kenya kubadilishwa

Jaramogi Oginga Odinga hakuwahi kuwa Rais wa Kenya, lakini Katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa mara mbili kumzuia, na mara ya tatu kuondoa kizuizi chenyewe.

Mwalimu huyo aliyesomea Makerere, Uganda, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na baada ya uhuru akawa Makamu wa Rais chini ya Jomo Kenyatta. Walitofautiana kuhusu ardhi na mwelekeo wa uchumi. Aprili 1966 alijiuzulu, akaongoza chama cha KPU.

Wabunge walipomfuata, Bunge lilipitisha upesi marekebisho yaliyomlazimu kila aliyehama chama kurudi kwa wapiga kura. KPU iliambulia viti 9 kati ya 29. Mwaka 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu wakati wa ziara ya Kenyatta, chama kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Mwaka 1982 alipojaribu kuunda chama pamoja na George Anyona, Bunge liliingiza kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali.

Agosti 1991, akiwa mzee wa takriban miaka 80, alirudi kwa njia nyingine. Yeye, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz walitangaza FORD, si kama chama bali kama kundi la shinikizo. Kuwa sita tu kulikuwa na maana yake: kundi la watu wasiofika kumi halikulazimika kusajiliwa na serikali, hivyo hapakuwa na ombi la kukataliwa. Mkutano wao wa Novemba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ulizimwa na polisi. Mwezi huohuo wafadhili walisitisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A kikafutwa. Sifa si za Odinga peke yake: mawakili na viongozi wa dini walikwisha kudai hivyo, na Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini mwaka 1990.

Umoja huo haukudumu. FORD ilipasuka, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Odinga akawa wa nne, nyuma ya Matiba na Mwai Kibaki. Hata hivyo alirudi bungeni, katika viti vya upinzani. Alifariki dunia Januari 20, 1994, akiwa mbunge wa Bondo.