Apolo wa Mboga

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akaenda kufundisha dini Mboga, nchi ambayo sasa imo katika Kongo. Watu wachache waliamini, nao walikuwa wachanga katika imani.

Mtawala wa Mboga, jina lake Tabaro, alichukizwa na mafundisho yake. Apolo akapigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Kisha siku moja mwanamke wa jamaa ya Tabaro aliangukia mkuki, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Akafungwa minyororo, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Kundi lake dogo likabaki bila mchungaji.

Humo gerezani moyo wake ulilegea. Ndipo alipomwona Kristo katika maono, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Hofu ikamtoka. Alipoonekana hana hatia, alifunguliwa. Angaliweza kurudi kwao Buganda akastarehe. Lakini alirudi Mboga, kwa wanafunzi wake na kwa wale waliompiga. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Uzeeni mwake Apolo alipata maono mengine, akaambiwa aende kuwahubiri watu wa msituni, naye akaenda. Alifariki Mboga mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea msituni, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijakwisha.